Mistari Minne ya Kufuma

Vyuma vya kulehemu vya siku hizi huchomekwa ukutani na kupata moto vyenyewe, kwa hiyo inafaa nieleze kwanza jinsi sisi tulivyofanya kazi. Bila hilo, yaliyobaki hayataeleweka.

Nilikuwa fundi wa redio pale Makadara. Kibanda sikuwa nacho. Nilikuwa na meza moja kwenye baraza ya duka, na umeme wa mwenye duka uliishia kwenye taa yake ya ndani. Chuma changu kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, nami nilikipasha moto kwenye jiko la makaa lililokaa karibu na mguu wangu wa kulia. Ukikitoa mapema, lehemu haiyeyuki sawasawa. Inaganda juu ya waya kama uji uliopoa. Ukiitazama utasema imeshika, kumbe haikushika. Redio itaimba siku tatu kisha itanyamaza katikati ya taarifa ya habari, na mwenyewe atakurudishia akiwa amenuna. Ukichelewa kukitoa, ncha inaungua, inakuwa nyeusi, na lehemu inaikimbia kama maji kwenye jani la mgomba.

Kati ya kuwahi na kuchelewa palikuwa na muda fulani, na muda huo ulikuwa sigara moja.

Sikubuni mimi. Mzee aliyenifundisha kazi kule Pumwani ndiye aliyeniambia: tia chuma motoni, washa sigara, sigara ikikufikia vidoleni chuma ni tayari. Kwa hiyo nilijifunza ufundi na sigara siku moja, asubuhi moja, kwenye benchi moja, na kwa miaka kumi na mmoja sikujua pa kuvitenganisha.

Tena sigara haikuwa saa tu. Ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi ya fedha, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa dawa ya nusu ya magonjwa ya redio. Springi ya betri imelegea? Kunja karatasi, isukume pale. Fyuzi imekatika na dukani hakuna? Iviringishe karatasi, irudishe. Hili la fyuzi nakuomba usilifanye, nami nilikuwa nikiwaambia wateja wasilifanye, kwa sababu karatasi haijui kukatika inapotakiwa kukatika. Halafu nilikuwa nikilifanya. Juu ya meza yangu palikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa karatasi za fedha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba sivuti kwa ajili yangu. Navuta kwa ajili ya kazi.

Mke wangu alikuwa akifuma sweta za watoto wa shule. Alifumia nyumbani, chumba chetu kimoja, kitanda upande huu wa pazia na stovu upande ule. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na kila mwaka kilizidi kidogo. Mimi sikuvuta ndani ya nyumba. Nilijisifia jambo hilo. Lakini moshi hauna adabu ya kubaki barazani. Ulirudi nami kwenye shati, kwenye nywele, kwenye blanketi.

Hakuwahi kuniambia niache. Asubuhi moja niliamka nikakuta mto wake uko upande wa miguu. Alikuwa amelala kichwa kikielekea mlangoni, mdomo umeelekea ule upenyo wa chini ya mlango.

"Mbona umelala hivi?"

"Huku kuna hewa kidogo," alisema, kama mtu anayekuonyesha dukani mahali penye sukari. Kisha akaamka kuchemsha chai.

Chai ile ilinishinda kunywa. Nilimwambia palepale kwamba nimeacha. Alinitazama, akacheka kwa sauti yake ile fupi, maana kicheko kirefu kilimletea kikohozi.

"Na chuma chako utakipima na nini, fundi?"

Aliniita fundi alipotaka kunichokoza. Wakati mwingine nilikuwa "baba" tu, kwa sababu ya binti yetu mmoja aliyekuwa akisomea kwa nyanya yake huko Ukambani.

 Yeye alikuwa mtu wa kuhesabu. Siku hiyo alinifuata barazani na mfuko wake wa uzi, akaketi kwenye debe lililopinduliwa, akaniambia niwashe sigara yangu ya mwisho na nitie chuma motoni. Nilipovuta pafu la kwanza, yeye alianza mstari. Alifuma mwendo wake wa kawaida, hakuharakisha wala hakuchelewa. Sigara iliponifikia vidoleni alikuwa amemaliza mstari wa nne.

"Mistari minne," alisema. "Basi. Tupa."

Nikatupa. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi, ukipita pale ungemwona mwanamke kwenye debe na mwanamume mezani. Yeye akifuma, mimi nikifungua migongo ya redio, na kila baada ya mistari minne yeye akisema bila kuinua macho, "Kimeiva." Nami nachukua chuma. Sijawahi kulehemu vizuri kama miezi ile. Ukweli ni kwamba sigara ilikuwa saa mbovu. Upepo ukivuma huisha haraka, ukiwa na mawazo huisha haraka zaidi. Mikono yake haikujua upepo.

Palikuwa na dereva mmoja wa lori, rafiki yangu, aliyekuja kila siku kununua sigara kwa mwenye duka, moja moja, na kuivutia palepale karibu na meza yangu ili anitese.

"Niaje fundi. Siku hizi chuma unapikiwa?"

"Napikiwa."

"Mama, akiunguza mchome na hiyo sindano."

"Wewe huna breki hata za mdomo," mke wangu alimwambia. "Simama upande wa pili, moshi wako unaingia kwenye sweta ya mtoto wa watu."

Dereva alihamia upande wa pili. Huwa nakumbuka kwamba alihama.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Watu wengi hufikiri kuacha sigara ni kazi ya siku tatu za kwanza. Siku tatu za kwanza una hasira, na hasira hukubeba. Shida huja baadaye, siku ya kawaida kabisa, kitu kidogo kinapokataa kutii. Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa redio ya mama mmoja wa Jericho. Mezani kwangu iliimba. Kwake ikanyamaza. Akairudisha, nikaifungua, ikaimba. Nikaifunga, ikaimba. Akaipeleka nyumbani, ikanyamaza. Mara ya nne aliiweka mezani bila kunisalimia, akasema, "Nadhani redio hii inakupenda wewe. Ishi nayo."

Nilisimama. Mwenye duka, mzee wa kutoka Murang'a ambaye hakuwahi kunibembeleza ninunue chochote, aliniona nikitazama mahali sigara zilipokaa, akatazama pembeni.

"Mstari mmoja kwanza," mke wangu alisema.

"Nini?"

"Nifume mstari mmoja. Ukiisha na bado unaitaka, nenda kanunue, sitasema kitu."

Aliufuma. Nilimtazama mkono. Mstari uliisha, na bado nilikuwa naitaka.

"Basi fuma wewe," akanipa sindano.

Nilivuta kiti mpaka nyuma ya redio kubwa ili nisionekane, na kule nyuma, huku akininong'oneza pa kuingiza na pa kuvuta, nilifuma mstari mmoja wa sweta. Sweta yenyewe ilikuwa yangu. Alikuwa ameanza kunifumia ya rangi ya kijivu kwa sababu nilikuwa nikilalamika kwamba tangu niache sigara asubuhi za barazani zina baridi. Mstari wangu ulitoka umepinda kama barabara ya mlimani, huku umekaza, huku umelegea. Nilitaka aufumue.

"Wacha ukae," alisema. "Ukiuona utakumbuka."

Na hamu ilikuwa imepita. Nakuambia wewe unayejaribu, kama yupo anayejaribu: hamu ya sigara haina pumzi ndefu. Ni fupi kuliko chuma kupata moto. Kazi yako ni kutafuta kitu cha kushika mpaka iishe.

Redio ya Jericho, kwa njia, haikuwa mbovu. Nyumbani kwake ilikaa juu ya kabati, betri zikiwa zimelala kwa mgongo kwa sababu aliilaza ili iwe meza ya kitambaa chake cha maua, na springi iliyochoka ilishindwa kuzigusa. Mezani kwangu ilisimama wima. Kipande cha karatasi ya fedha kingemaliza mambo kwa dakika moja. Lakini kopo langu nilikuwa nimelitupa siku ile ile ya sigara ya mwisho.

Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Yeye alilala kichwa upande wa kichwa. Nilianza kuamini kwamba nimemponya.

Kisha ukaja mwezi wa saba na mawingu yake. Mnaoijua Nairobi mnajua baridi ile isiyo na mvua, jua halionekani wiki nzima, na katika nyumba zetu za mawe ukuta unatoa jasho. Kifua kilimshika siku ya Ijumaa. Jumapili tulimpeleka hospitalini. Alichukua mfuko wake wa uzi, na sista wa wodi akamruhusu.

Wagonjwa walionwa saa kumi hadi saa kumi na moja. Nilifika kila siku, nikakaa ukingoni mwa kitanda, naye akanipa habari kwa mistari. Jana nilifuma kumi. Leo sita, mkono mzito. Mimi nilimpa habari za baraza, lakini sikumwambia kwamba chuma kimenikataa. Nilijaribu kuhesabu kichwani. Nilijaribu kutazama rangi ya makaa. Redio zilianza kurudi, moja baada ya nyingine, zikiwa na lehemu baridi, na wenyewe wakasema fundi ameharibika tangu aache sigara. Dereva alilisema hilo kwa mzaha, kisha akaona uso wangu akanunua sigara yake akaondoka nayo.

Lakini sikuvuta. Nataka liwe wazi hapa, mapema.

Jumatano ya wiki ya pili daktari alikuwa aseme kama anamruhusu kurudi nyumbani. Mke wangu alikuwa ameniambia nipige simu wodini mchana. Jibu likiwa ndiyo, nije na nguo yake ya kutokea, ile ya vitone vyeupe, na viatu. Jibu likiwa hapana, nije na uji tu. Nilikunja nguo nikaiweka kwenye mfuko, nikachemsha uji nikautia kwenye chupa, nikatoka na vyote viwili mpaka kwenye kibanda cha simu.

Simu zile labda umezisahau. Ulitumbukiza sarafu, ukapiga nambari, na mtu wa upande wa pili alipopokea ulibonyeza kitufe ili sarafu ishuke na sauti yako ipite. Kabla ya kubonyeza, wewe ulimsikia yeye. Yeye hakukusikia wewe.

Nilitumbukiza sarafu. Ikapita moja kwa moja, ikatokea chini. Nikarudia. Ikatokea chini. Nilijua sababu. Sarafu ilikuwa imelika kwa kushikwa na watu wengi, imekuwa nyembamba, na mashine ilikuwa imelegea. Zilikuwa hazipatani. Mtu mwingine yeyote angeomba sarafu nyingine dukani, au angeinua mfuko wake na kutembea mpaka hospitalini, muda ulikuwepo. Lakini mimi nilikuwa fundi. Niliona sarafu nyembamba na nikaona dawa yake: kipande cha karatasi ya fedha, uizungushie, inenepe.

Kando ya kibanda palikuwa na mama aliyeuza peremende, njugu na sigara. Nilimwomba karatasi.

"Karatasi ya bure sina. Iko ndani ya pakiti, na pakiti inauzwa."

Nikanunua pakiti. Sikuwahi hata siku nilizokuwa nikivuta kununua pakiti nzima bila kuitamani. Siku hiyo sikuitamani. Niliipasua juu, nikachana karatasi ya ndani, nikaitia pakiti kwenye mfuko wa shati, nikaivika sarafu koti lake.

Sarafu ilikaa. Nilifurahi, nisikufiche. Nilipiga nambari, nikasikia mlio, nikasikia simu ikiinuliwa.

"Haloo, wodi," sauti ya sista ilisema.

Nikabonyeza kitufe. Kitufe kiliingia nusu kikakwama. Sarafu niliyoinenepesha ilikuwa nene mno kushuka.

"Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mume wa mama wa kitanda cha dirishani," nilisema. Nilipaza sauti, kana kwamba ningefika kwa miguu ya sauti yangu. "Nauliza kama anarudi leo."

"Haloo?" Alimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Mtu anapiga halafu hasemi." Akakata.

Sasa sarafu ilikuwa ndani, haishuki wala hairudi. Nyuma yangu palikuwa na watu watatu. Nilitoa bisibisi.

"Baba, unaifungua simu ya serikali?" mwanamke wa mbele aliuliza.

"Sarafu imekwama."

"Imekwama au umeikwamisha? Nimekuona ukiipaka mafuta hapo."

"Si mafuta, ni karatasi. Nikueleze. Sarafu hii ilikuwa imelika, sasa mashine…"

"Usinieleze. Mwanangu anasubiri niulize kama amepata kazi. Nieleze simu nyingine iko wapi."

Ya karibu ilikuwa Maringo. Waliondoka wote watatu, wakanitazama mara moja, na mimi nikabaki na bisibisi yangu. Nilihangaika na tundu lile mpaka vidole vikatoka damu. Huwa najiuliza kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu kifua cha mke wangu kilikuwa kitu nisichoweza kukifungua nyuma nikakitazama, na simu ile niliweza. Sarafu haikutoka. Nilipoinua macho jua lile lisiloonekana lilikuwa limeshasogea, na kijana mmoja aliyepita aliponiambia saa, nilikimbia.

Nilifika wodini ikiwa imebaki robo saa.

Alikuwa amekaa, mito mitatu nyuma yake. Nilijua kutoka mlangoni kwamba ile nguo ya vitone haitavaliwa siku hiyo. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Sweta ilikuwa mapajani, mkono mmoja umekwisha, na sindano zilikuwa zimetulia.

"Umechelewa," alisema. Alipumua katikati ya kila neno. "Nikasema leo haji."

Niliinama kumweka mto sawa. Alikuwa na pua ya mtu aliyeishi miaka yote akiogopa moshi. Aliinua mkono taratibu, akagusa mfuko wa shati langu, akaitoa pakiti. Aliitazama. Pakiti mpya, imechanwa juu.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliifunga ndani ya kiganja chake, akaniangalia kwa huruma nyingi, huruma unayompa mtoto aliyebeba maji kutoka mtoni akayamwaga mlangoni.

"Si neno," alisema. "Umejaribu."

Sasa nisikilize. Neno lililotakiwa lilikuwa moja. *Sikuvuta.* Kuna nafasi ya neno moja hata kengele ikiwa inalia. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kueleza, na mtu wa kueleza huanzia mwanzo, kwa sababu anataka ueleweshwe, si uambiwe. Nikavuta kiti. Nikasema:

"Unajua ile simu ya pale karibu na kituo cha basi? Ina kitufe. Sasa kitufe kile hakifanyi kazi mpaka sarafu ikae sawasawa. Na sarafu zikilika…"

Nilimweleza uzito wa sarafu. Nilimweleza ulegevu wa tundu. Alifumba macho akiwa ananisikiliza, midomo ikitabasamu kidogo, kama alivyonisikiliza miaka yote nikimweleza mambo ya redio ambayo hakuyahitaji. Nilikuwa nimefika kwa yule mama wa njugu wakati kengele ilipolia.

Sista alikuja akipiga makofi. "Haya, wazee, haya, nendeni. Kesho mtaendelea."

"Kesho utanimalizia," mke wangu alisema. Nikanyoosha mkono nichukue pakiti. Alitikisa kichwa. "Hii niachie mimi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na uji na nguo. Njiani nililifanyia mazoezi lile neno moja. Nililisema nikivuka reli. Nililisema nikifungua mlango.

Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha jiko, mtu wa hospitali alifika barazani akauliza fundi wa redio ni yupi. Mwenye duka ndiye aliyeinua mkono kunionyesha, na mkono wake ulibaki juu kwa muda, kana kwamba alitaka kuurudisha. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

Nilipewa vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi. Leso mbili, kitana, kikombe, sweta na sindano zake. Na pakiti ya sigara. Alikuwa ameifunga kwa uzi wa kijivu, ameuzungusha juu ya mdomo uliochanika na kupiga fundo, fundo lake lile dogo la mwisho wa sweta ambalo halifunguki mpaka ulikate.

Tulimzika kwao. Binti yetu alisimama ameshika gauni la nyanya yake, na alipoona sweta ya kijivu mkononi mwangu aliuliza kama ni yake. Nilimwambia ni ya baba. Akaniuliza mbona ina mkono mmoja.

Niliporudi Makadara, dereva alikuja barazani. Aliketi kwenye debe, kisha akakumbuka debe lilikuwa la nani, akainuka. Alinunua sigara mbili. Moja akaniwekea mezani.

"Vuta hii moja tu, ndugu yangu. Nani atakuuliza?"

Alisema kweli. Hakukuwa tena na mtu wa kuniuliza. Na mtu pekee niliyemwahidi alikufa akiamini nimeshaivunja ahadi, na amenisamehe. Ukifikiri vizuri, nilikuwa nimeshalipiwa sigara ile. Niliishika. Nilinusa karatasi yake.

Lakini tangu nipewe ule mfuko nilikuwa na hesabu moja isiyonitoka. Ukichana pakiti juu, vichwa vya sigara huonekana vyote, vimebanana, hakuna hata moja inayokosekana. Ili aifunge uzi juu ya mdomo, ni lazima aliutazama ule mdomo. Na mwanamke aliyehesabu mistari maisha yake yote anaweza kutazama kitu kilichopangwa asikihesabu? Basi alihesabu. Basi alijua. Basi alipopiga fundo alikuwa ameshajua mwisho wa ile habari yangu ya simu na sarafu, kabla sijammalizia.

Au alifunga haraka, mkono mzito, macho yamefumba, ili tu nisirudi kuichukua.

Sijui. Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyemwona akifunga. Ningeweza kurudi kumuuliza. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine, mpaka nikajua kwamba naogopa jibu, na mama yule bila shaka alikuwa amekwisha kwenda kwake.

Nilimrudishia dereva sigara yake. Hakunibishia.

"Chuma utakipima na nini?" aliuliza, na nafikiri aliuliza kwa wema tu, maana lilikuwa swali la kazi. Hakujua nani aliniuliza kwanza.

Nilitia chuma motoni. Nikatoa sweta kwenye mfuko, nikaiweka mapajani, mbele ya meza safari hii, si nyuma ya redio. Mstari wangu uliopinda ulikuwepo, chini karibu na kiuno. Nilitafuta kitanzi alichokiacha, nikaingiza sindano kama alivyoninong'oneza. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri mkate walicheka. Mmoja aliniuliza kama ninapokea pia oda za vitambaa vya makochi. Mwenye duka alimpa mkate wake akamwambia aende.

Mwendo wangu haukuwa mwendo wake. Mistari minne yangu iliunguza chuma. Siku ya pili nilijaribu mitatu, bado. Miwili ndiyo iliyokuja sawa, maana mikono yangu ilikuwa mizito mara mbili ya mikono yake.

Sikuimaliza sweta. Uzi ungekwisha, na ningebaki na sweta bila saa. Tena sikutaka kazi yangu mbovu izidi yake. Kwa hiyo kila jioni, nikishafunga vifaa na makaa yakiwa yanazimika, nilifumua nilichofuma mchana, taratibu, kitanzi kwa kitanzi, mpaka kwenye mstari wake wa mwisho. Hapo nilisimama. Asubuhi nilianza tena na uzi ule ule.